Deski Yako ya Mukau Imepasuka? Hii Ndio Sababu, na Venye Unaweza Kujitengenezea Yako

Kuna sauti mbao hutoa ikipasuka usiku, wasee. Ni kama mtu amevunja fimbo kavu kando ya sikio lako. Mara ya kwanza kuiskia nilikuwa kwa keja, saa nane usiku, kazi inangojewa asubuhi, nikadhani ni jirani amegonga mlango. Kulipokucha nikapata ufa kwa deski yangu mpya, umetoka kona ya kushoto hadi karibu na penye naweka kikombe. Kadi ya ATM ilikuwa inaingia ndani bila kusukumwa.

Hiyo deski ilinikula thao 18. Doo ya chama, na hata zamu haikuwa yangu. Nilimwomba msee mwingine anipee zamu yake nikiahidi mambo makubwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sasa naandika kwa laptopu nikiwa nyumbani, na mathee hajawahi amini hiyo ni kazi. Deski ya mbao ya ukweli ilikuwa ushahidi wangu. Akikuja kunitembelea akute meza ya maana, sio ile ya chipbodi ya kwanza ambayo ilimwagikiwa chai ikafura kama mandazi.

Nilikuwa nimeinunua kwa karakana moja kando ya barabara nikitoka ushago. Jina siweki. Na tuseme ukweli, fundi aliniuliza kama naweza ngoja. Mimi ndio nilimwambia naitaka kabla ya Jumamosi.

Nikamtumia mjomba picha ya ufa. Mjomba ni fundi upande wa Kibwezi, Makueni, amekuwa kwa hii kazi kabla mimi nizaliwe. Sikupata pole. Alijibu neno moja tu: "Mbichi."

Kwanza, mukau ni mti gani?

Kama umelelewa Kitui ama Makueni huu mti unaujua hata kama haujui unaujua. Wanasayansi wanauita Melia volkensii. Ni ndugu ya mwarubaini, wako familia moja na mahogani, na ndio maana watu wa mbao huupenda: ndani ni mwekundu wa kuelekea kahawia, unang'aa ukipakwa mafuta, na mchwa hawaupendi. Kwa kaunti penye mchwa wanaweza kula mlango ukiwa umelala, hiyo sio sifa ndogo. Wazee walikuwa wanachonga mizinga ya nyuki kutoka kwa gogo lake, na hadi leo utaona mizinga imening'inia kwa miti huko Mutomo na Ikutha.

Tena ni mti wa ukame. Unamea penye mvua ni ya kubahatisha, unatoa majani mapya wakati kila kitu kingine kimekauka, na mbuzi wanajua hiyo rada vizuri. Mbuzi hula matunda, kokwa zinabaki kwa zizi, na wakulima huziokota hapo wakitaka mbegu. Shida ni kwamba hiyo kokwa ni ngumu kama jiwe. Ukiitupa tu kwa udongo unaweza kungoja hadi uchoke. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, iko na kituo Kitui, na wametumia miaka mingi wakitafuta njia ya kuamsha hiyo mbegu: unapasua kokwa, unatoa mbegu, unakata ncha kidogo, unailoweka, unaichana ngozi kwa wembe, ndio inakubali. Kuanzia 2012 walikuwa na mradi na Wajapani wa JICA wa kutafuta miti bora ya mukau, ile mirefu na iliyonyooka, na wakapanda mashamba ya mbegu Tiva huko Kitui na mengine Kibwezi.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu ile ya porini ilikuwa inaisha. Ilikatwa kwa mbao, na pori lote la ukambani likaliwa na makaa. Mnakumbuka Januari 2018 vile Gavana Ngilu alipiga marufuku makaa na mchanga kutoka Kitui, malori yakaanza kuogopa kupita? Hiyo stori ilikuwa siasa, sawa, lakini chini yake kulikuwa na jambo la kweli. Mukau wa shambani unahitaji kama miaka 10 hadi 15 ndio upasuliwe mbao. Ukiupanda ukiwa unaingia sekondari, unauvuna ukiwa na watoto wako. Halafu msee anakuja anataka deski kufikia Jumamosi.

Kwa nini mbao nzuri inapasuka

Hapa ndio penye nilikuwa nimekosea, na nadhani wengi wetu tunakosea. Tunadhani mbao ikipasuka ni mbao mbaya, ama ni fundi amepiga msumari vibaya. Yangu haikuwa mbao mbaya. Ilikuwa bado inakunywa na kutema maji.

Mti ukiangushwa umejaa maji, kilo kwa kilo. Yale ya kwanza kutoka hayana noma, mbao inakuwa nyepesi tu. Lakini unyevu ukishuka chini ya kama asilimia 30, mbao inaanza kujikunja na kupungua, na inaendelea kupungua hadi ifike kiwango cha hewa ya mahali ilipo. Kwa fanicha ya ndani ya nyumba mafundi wanataka asilimia 8 hadi 12. Na hapa kuna kitu kimoja nataka ukishike hata ukisahau mengine yote: mbao haipungui kwa urefu, inapungua kwa upana. Ubao wa futi nne utabaki futi nne. Lakini meza ya upana wa inchi 26 iliyotengenezwa ikiwa mbichi inaweza kupoteza nusu inchi ikikauka.

Sasa fikiria hiyo meza imegongomewa misumari kila upande kwa fremu chini. Upana unataka kupungua, misumari inakataa. Mmoja lazima akubali kushindwa. Kwangu alishindwa ubao, saa nane usiku.

Mjomba alinieleza hii akiwa ameshika kipande cha mbao kimoja tu. Alichora mstari kwa kalamu, akakiweka juu ya mabati yenye jua la Kibwezi, tukaenda kunywa chai. Tukirudi kilikuwa kimejikunja kama kiganja. "Kavisi," akaniambia, "hii mbao haijaskia habari ya Jumamosi yako."

Kununua

Nilimwomba anitengenezee ingine. Akakataa. Akasema nitaitengeneza mwenyewe yeye akiangalia, na sitaanza hadi mbao ikubali. Niliona ni mchezo. Haikuwa mchezo.

Tulinunua kwa mkulima mmoja wa shamba, miti yake mwenyewe, imepandwa kwa mstari. Mjomba hagusi mbao asiyojua imetoka wapi. Mbao zikisafirishwa zinahitaji kibali cha KFS, watu wa huduma ya misitu, na ukipatikana nazo njiani bila karatasi utaanza kuongea Kiswahili cha mahakamani. Kwa hivyo kabla hujalipa uliza karatasi ziko kwa nani. Na ukiuziwa mpingo, mbao nyeusi nzito hivi, ati ndio itakuwa deski kali zaidi, achana nayo. Mpingo ni mti wa kukua polepole sana, watoto wa watoto wako ndio wataukuta umekomaa, na biashara yake ya nje ya nchi iko chini ya mkataba wa CITES tangu 2017. Hata wachongaji wa Ukambani, ambao sifa yao ilijengwa kwa mbao ngumu tangu Mutisya Munge wa Wamunyu arudi kutoka vita ya kwanza ya dunia na ufundi wa kuchonga, wengi sahii wanachonga mwarubaini.

Kwa ubao wenyewe angalia rangi. Mukau una moyo mwekundu na ganda jeupe nje. Moyo ndio mchwa wanaogopa, ganda wanakula kama kawaida. Mti mchanga una ganda jingi, na wauzaji wengine hupaka rangi ndio usijue. Kwaruza kidogo na kucha ama kisu. Halafu angalia mwisho wa ubao: kama mistari ya mti imepinda kama tabasamu, huo ubao utapenda kujikunja zaidi ya ule mistari yake imesimama wima.

Tulichukua mbao za inchi 6 kwa inchi moja na robo kwa ajili ya juu, na za inchi 3 kwa 3 za miguu. Miti ya shambani haina unene wa kukupa ubao mmoja wa upana wa meza, na hiyo sio hasara. Mbao nyembamba ukiziunganisha zinatulia kuliko ubao mmoja mpana.

Kungoja

Hii sehemu haina picha za kupost, lakini ndio deski yenyewe.

Kanuni ya mafundi ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao ikikaukia hewani. Makueni na Kitui ni kukavu kwa hivyo inaweza kwenda haraka kidogo, lakini huko pia ndio penye mbao hupasuka kwa sababu inakauka haraka kupita kiasi. Nje inakuwa kavu, ndani bado maji, inajirarua yenyewe. Kwa hivyo kazi ni kuichelewesha.

Tulipanga mbao nyuma ya karakana, juu ya mawe ya jengo, futi moja kutoka chini. Katikati ya kila safu tukaweka vijiti vya inchi moja, vyote vimenyooka kutoka chini hadi juu, ndio hewa ipite na uzito ushuke sawa. Ukiweka kijiti kimoja kando, ubao unakauka na kilima hapo. Miisho ya mbao tukaipaka rangi kuukuu iliyobaki kwa mkebe, kwa sababu maji hutoka mwisho wa ubao haraka kuliko kwa uso, na ndio maana nyufa nyingi huanzia huko. Juu mabati na mawe, na upande wa jua tukafunika na gunia. Kivuli na upepo. Jua la moja kwa moja, hapana.

Utajuaje imekauka? Wenye doo wana kile kimita cha kuchoma kwa ubao kinakuonyesha asilimia. Sisi tulitumia mizani ya jikoni. Unakata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao mmoja, sio mwisho, unakipima, unaandika uzito na tarehe juu yake na kalamu, unakirudisha kwa rundo. Kila wiki unakipima tena. Mwanzoni kinashuka kila wiki, halafu kidogo kidogo. Kikikaa wiki tatu ama nne bila kubadilika, kimekubaliana na hewa.

Yetu ilichukua miezi tisa. Nilikuwa nauliza kila mwisho wa mwezi. Mjomba alikuwa ananitumia picha ya kipande juu ya mizani, hakuna maneno. Wakati huo nilikuwa naandikia kwa kitanda, mgongo umekufa, na yule msee wa chama tayari ameanza kuniita kwa jina langu lote.

Kutengeneza

Kazi yenyewe, ukiwa na mbao kavu, ni ya siku chache. Nilipanda basi hadi Kibwezi nikakaa wiki moja.

Deski ya kukaa na kuandika inataka urefu wa kama inchi 29 ama 30 kutoka chini, na nafasi ya magoti isiyopungua inchi 24 kwa upana. Mimi nilichagua futi nne kwa inchi 26. Fremu ya chini ni miguu minne na mbao nne za kuishika pamoja, na zinashikana kwa ulimi na tundu: unachonga mwisho wa ubao uwe ulimi, unachimba tundu kwa mguu na patasi, ulimi unaingia kwa kubanwa. Hakuna msumari. Ulimi ukiwa mkavu na tundu likiwa sawa, unaweza kuinua fremu nzima kabla ya gundi na isianguke. Langu la kwanza lilikuwa kubwa hadi ulimi ulikuwa unacheza ndani kama jino la mtoto. Mjomba akalitazama, akanipa mguu mwingine, akaenda zake. Wa tatu niliukata mfupi kwa nusu inchi, ikabidi ile mingine yote ifupishwe. Ndio maana deski yangu ni inchi 29 na sio 29 na nusu. Ukiniuliza nitakuambia nilipenda hivyo.

Juu ndio kazi ya randa. Mbao 5, kila ukingo umenyooshwa hadi ukiziweka pamoja huoni mwanga katikati. Ukiona mwanga usitegemee gundi ijaze, gundi sio mbao. Kila ubao una upande ambao randa inateleza na upande ambao inang'oa nyama, kwa hivyo kabla ya kuunganisha zipange zote zielekee upande mmoja, utajishukuru baadaye. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Kama huna vibanio virefu, kata blada ya tairi kuukuu iwe mikanda, funga mbao kwa nguvu, halafu gonga kabari ndogo chini ya mikanda. Hivyo ndivyo karakana nyingi za huku hufanya na meza zao ziko. Acha hadi kesho yake. Mimi sikulinganisha nyuso vizuri wakati wa kubana, ubao wa tatu ukasimama juu ya wenzake, nikalipa kwa siku mbili za kupiga randa.

Sasa penye deski yangu ya kwanza ilikufa: kuunganisha juu na fremu. Usigongomee. Usiweke gundi. Hata mbao kavu huvuta unyevu wakati wa mvua na kuuachilia wakati wa kiangazi, na Nairobi na Kibwezi sio hewa moja. Chonga mfereji mdogo ndani ya fremu, halafu tengeneza vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi mfupi. Ulimi unaingia kwa mfereji, skurubu inapanda juu kwa meza. Meza imeshikwa chini haiinuki, lakini ikitaka kupanuka ama kupungua vile vipande vinateleza. Kama hiyo ni noma kwako, toboa shimo la skurubu kwa fremu liwe refu kama yai badala ya duara, na utumie washa. Njia zote mbili ni sawa. Na kila skurubu itobolewe njia kwanza na drili, mukau mkavu utakata shingo ya skurubu bila huruma.

Msasa anza na ule mkali wa 80, halafu 120, halafu 180, kila mara ukifuata mistari ya mbao. Vaa barakoa, hata ikiwa ni ile iliyobaki ya wakati wa Korona. Vumbi la mbao liko kwa orodha ya shirika la afya duniani ya vitu vinavyosababisha saratani, sio mafua tu. Mjomba hakuwa anavaa. Sasa anavaa, baada ya mimi kupiga kelele wiki nzima, ama labda alichoka kuniskiza.

Mwisho ni mafuta ya kitani ama vanishi. Mafuta yanaonyesha ule wekundu vizuri, lakini kikombe cha moto kitaacha alama. Vanishi ni ngumu zaidi. Mimi nilipaka vanishi mikono mitatu, msasa mwepesi katikati. Vyovyote utakavyochagua, paka na upande wa chini pia, ule hakuna mtu ataona. Ukipaka juu peke yake, chini itavuta unyevu na juu haivuti, na meza itajikunja. Ile ya kwanza ilikuwa haijapakwa chini hata tone. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwa kona, huwa yanajiwasha moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Tuliifungua juu na fremu, tukaisafirisha, nikaiunganisha tena kwa keja na bisibisi. Mathee alikuja wiki ya pili. Hakuangalia laptopu. Alipiga juu na knako za vidole, akainama akachungulia chini, akaniuliza ni nani alichonga zile ulimi. Nikamwambia. Akauliza tena.

Mvua ya Novemba ilipoanza niliona nafasi kati ya meza na ubao wa ukutani imepungua kidogo, kama unene wa shilingi. Ilipanuka. Hakuna sauti. Deni la chama nililimaliza mwezi uliofuata, na kuna mbao nne za inchi 2 bado ziko kwa rundo nyuma ya karakana ya mjomba, za kitanda. Ametuma picha ya mizani juzi. Bado inashuka.